Nitengeneze EliteBook yangu ya zamani au ninunue iliyokarabatiwa?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari Morogoro. Nina laptopu ya HP EliteBook 840 G3, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 4GB, diski ya kuzunguka ya 500GB, niliyoinunua mtumba. Siku hizi nikiiwasha naweza kwenda kunywa chai nikarudi ndipo inafunguka. Betri haimalizi nusu saa, herufi tatu za kibodi zimekufa, na karibuni imeanza kujizima yenyewe. Fundi wangu anataka 310,000: SSD (diski isiyozunguka) 90,000, betri 110,000, kibodi 60,000 na "kushughulikia bodi" 50,000. Duka moja la Kariakoo linaniuzia 840 G5 iliyokarabatiwa kwa 680,000, garantii mwezi mmoja. G3 kama yangu hapo hapo wanaiuza 400,000. Mimi natunga mitihani, natumia Excel ya matokeo, na jioni wanangu wawili wanaitumia kujisomea. Nitengeneze au ninunue?

JIBU: Mwalimu, heshima yako. Nianze na jibu, sababu zifuate: usimpe fundi 310,000 zote, na hizo 680,000 za Kariakoo nazo zitulie kwanza. Katika matatizo manne uliyoyataja, matatu ni ya vipuri vinavyochakaa kwa kawaida na bei zake zinajulikana. La nne, hilo la kujizima, ndilo linaloamua yote, na ndilo ambalo kwenye hesabu ya fundi limeandikwa kwa maneno yasiyo na mipaka: "kushughulikia bodi". Bodi ni ile sahani kuu inayobeba vipande vyote vya mashine. Kuishughulikia vipi? Kupuliza vumbi, au kubadilisha kipande kilichoungua kwa mashine ya hewa ya moto? Ya kwanza ni kazi ya saa moja. Ya pili inaweza kukufanya urudi kwa fundi kila mwezi na kila mara utoe pesa.

Simtuhumu fundi wako. Wengi hupanga bei hivyo kwa sababu mteja anapenda kusikia namba moja tu. Ila kwa hali yako, namba moja inaficha jambo unalolihitaji kuliko yote, yaani kujua kama bodi ni nzima au la.

Kabla ya chochote, nakili mafaili yako. Diski inayochukua muda wa chai kufungua Windows huenda imechoka tu, huenda pia inakufa, na matokeo ya wanafunzi yakipotea hayarudishwi na fundi yeyote kwa bei unayoiweza. Weka nakala kwenye fleshi au diski ya nje, na nyingine mtandaoni. Kisha shusha programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo uifungue. Ikionyesha bluu diski bado inapumua, njano ni tahadhari, nyekundu usiiamini hata kwa siku moja.

Sasa hiyo ya kujizima. Unaweza kuichunguza mwenyewe bila kutoa senti, kwa kuangalia inajizima lini. Ikiwa ni baada ya kazi ya muda, watoto wanaangalia video au wewe una Excel kubwa na kurasa nyingi za mtandao, feni inavuma, chini kumepata moto, kisha ukiiacha ipoe inawaka bila ubishi, basi ni joto. Mashine hii ilitoka mwaka 2016. Kama haijawahi kufunguliwa, ile pesti ya kupitisha joto iliyopakwa kati ya prosesa (ubongo wa mashine) na shaba ya kupozea imekauka, na yale mapezi madogo ya kutolea hewa pembeni yamezibwa na vumbi lililoshikana hadi likawa kama kipande cha blanketi. Feni inazunguka lakini hewa haitoki. Prosesa ikifikia joto la hatari inajizima isiungue. Hapo bodi haina ugonjwa wowote, inajilinda. Tiba yake ni kufungua, kusafisha, kupaka pesti mpya, na kubadilisha feni ikiwa imeanza kukwaruza.

Ikiwa inajizima pale tu inapotegemea betri, hata kama alama inasema imebaki asilimia 40, mkosaji ni betri. Seli zilizochoka zinadanganya: zinaonyesha zina chaji, lakini mashine ikivuta umeme mwingi kwa ghafla zinashindwa.

Lakini kama inajizima asubuhi ikiwa baridi, dakika mbili tu baada ya kuiwasha, au ukiinyanyua upande mmoja inakata, hapo ndipo ninapoanza kuhofia bodi. Bado kuna bahati kwamba ni kipande cha RAM kilicholegea, kwa hiyo fundi akichomoe, asafishe meno yake, akirudishe, au akijaribu kwenye tundu la pili. Halafu fanya vipimo vya HP vyenyewe: zima, washa huku unabonyeza Esc mfululizo, ukiona orodha bonyeza F2. Kuna kipimo cha RAM, cha diski na cha betri. Kile kirefu cha RAM kiache usiku kucha, chaja ikiwa imechomekwa.

Kuhusu betri kuna njia ya kuona ukweli wake kwa namba. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, fungua dirisha jeusi, kisha andika powercfg /batteryreport. Itakutengenezea ripoti. Humo tafuta ujazo wa kiwandani (DESIGN CAPACITY) na ujazo wa sasa (FULL CHARGE CAPACITY). Betri ya G3 ikiwa mpya hubeba kama 46,000 za milliwati-saa. Ukikuta sasa inabeba 12,000 au 15,000, nusu saa unayoipata ndiyo stahili yake. Hifadhi namna hii ya kupima, utaihitaji tena dukani.

Hata hivyo betri nisingeinunua leo. Sababu ni moja: betri ya G3 haiingii kwenye G5. Hiyo 110,000 ni pesa inayobaki kwenye mashine ya zamani moja kwa moja. Kama nyumbani na shuleni una soketi, ivumilie. Isipokuwa jambo moja ambalo halina mjadala: ukiona ile sehemu ya kugusia chini ya kibodi imenyanyuka, haibonyezeki tena, au kifuniko cha chini kimetuna, betri imevimba. Iko chini ya viganja vyako hapo hapo. Acha kuichaji, fundi aitoe siku hiyo hiyo, na usimruhusu mtu kuitoboa "ipungue upepo". Ni moto ule.

Kibodi nayo naiweka kando. Kibodi ya nje ya USB ni ya bei ndogo, na utaitumia na mashine yoyote hadi uzeeke. Najua haipendezi kubeba kibodi mbili, lakini 60,000 ni karibu sehemu ya kumi ya bei ya G5.

SSD ndiyo ningeinunua, ila si yoyote. Polepole unayolalamikia haitokani na prosesa, inatokana na ile diski ya kuzunguka. Diski ya aina hiyo ikijitahidi husoma kama MB 100 kwa sekunde, na kwa mafaili madogo madogo ambayo Windows huyasoma inapowaka hushuka chini ya hapo sana. SSD ya kawaida hufika MB 500 na ushee. Mashine ile ile itawaka kabla hujavuta kiti.

Sasa sikiliza hapa, maana 90,000 yako inaweza kupotea au kubaki. G3 ina sehemu mbili za diski. Moja ni ile pana inayokaa diski yako ya sasa, ya inchi 2.5. Nyingine ni tundu dogo la M.2, linalopokea SSD nyembamba yenye umbo la kipande bapa cha chingamu. G5 haina ile sehemu pana kabisa, ina M.2 tu. Fundi akikuwekea SSD ya inchi 2.5, na hiyo ndiyo wengi huiweka kwa mazoea, siku ukihamia G5 itabaki nyuma. Mwambie unataka M.2 ya NVMe (aina ya SSD yenye kasi zaidi), urefu wa 2280, hata ya 256GB inatosha, na BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, aiweke kwenye UEFI (namna mpya ya kuwasha), la sivyo mashine haitawaka kutoka kwenye SSD hiyo. Diski yako ya zamani, ikiwa vipimo vimeipitisha, ibaki mahali pake kama stoo ya mafaili. Na siku ukinunua G5, SSD yako mpya ihamie huko, ile ya dukani iliyokwishatumika miaka irudi kwenye G3 ya watoto.

Kuna kitu hakimo kwenye hesabu ya fundi, nacho ni RAM. Kuweka SSD halafu ukabaki na 4GB ni kujinyima nusu ya faida. G3 ina matundu mawili na inatumia RAM ya aina ya DDR4. G5 pia ni DDR4, kwa hiyo kipande utakachonunua sasa utahama nacho. Ongeza cha 8GB, hata kilichotumika, alimradi kipimo cha F2 kimekipitisha. Bei za RAM zimepanda dunia nzima tangu mwishoni mwa 2025 kwa sababu viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye mitambo ya akili unde, basi usishangae ukiambiwa bei iliyozidi ya mwaka juzi. Hiyo hiyo ni sababu ya kutafuta G5 ambayo tayari ina 16GB, hata kwa kuongeza kidogo, badala ya kununua ya 8GB ukidhani utaongeza baadaye.

Watu wa kompyuta wana kanuni yao: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya mashine mbadala, nunua. Kwa kanuni hiyo wewe ungetengeneza, kwa kuwa 310,000 ni chini ya nusu ya 680,000. Mimi siiamini sana. Haiulizi mashine ikishatengenezwa itakuwa na thamani gani. Duka linauza G3 kwa 400,000 ikiwa safi na ikiwa na garantii. Wewe ukitia 310,000 kwenye yako, siku ukitaka kuiuza mtaani hutapata hizo. Kwa hiyo pesa niliyokubali uiweke ni ile tu ya kitu utakachohama nacho, pamoja na ile ndogo ya kusafisha na kupaka pesti. Iliyobaki ichangie G5.

Je, G5 inastahili? Ndiyo, lakini ijue kwanza. Neno "imekarabatiwa" kwa maduka mengi ya Kariakoo ni pana mno. Mashine hizi nyingi zilikuwa za makampuni ya Ulaya na Marekani, yanayozikodi au kuzinunua kwa wingi na kuzitoa baada ya miaka mitatu minne. Zinakusanywa, nyingi zinapitia Dubai, kisha zinakuja kwetu. Nyingine zimebadilishwa betri na diski kweli. Nyingine zimepanguswa na kuwekewa stika. Muuzaji muulize swali moja: mmebadilisha nini kwenye hii? Akijibu "ipo safi kabisa bosi", maana yake hakuna kilichobadilishwa.

Na kiumri, G5 ni ya 2018. Ni miaka miwili tu mbele ya yako. Usidhani unanunua ujana. Unachonunua ni mambo mawili yaliyotokea katikati ya miaka hiyo miwili. Prosesa za i5 za kwenye G3 zina kori (vitengo vya kufanyia kazi ndani ya prosesa) mbili, na zile za kizazi cha 8 zina kori nne. Tofauti hiyo mtu yeyote anaisikia akifungua vitu vingi kwa pamoja. La pili ni Windows 11. Microsoft ilifunga huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na nyongeza ya masasisho ya usalama kwa watu binafsi inakwenda hadi Oktoba 2026. Windows 11 kwa prosesa za Intel inaanza rasmi na kizazi cha 8, ukitoa chache mno. Yako ni kizazi cha 6. Mafundi wanaiingiza kwa nguvu na inafanya kazi, hata mimi sioni dhambi kufanya hivyo kwa muda, ila Microsoft haikuahidi masasisho, na kila toleo jipya kubwa utamrudia fundi.

Hapa kuna mtego ambao ningependa uuandike kwenye kiganja. Si kila 840 G5 ina kizazi cha 8. HP ilitoa nyingine zenye prosesa za kizazi cha 7, kama i5-7200U na i5-7300U. Kwa nje ni ile ile, jina ni lile lile, lakini kori ni mbili na Windows 11 rasmi haiikubali. Ungetoa 680,000 ukarudi ulipokuwa. Stika isikushawishi, stika zinauzwa kwa karatasi nzima. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, bonyeza F10, ingia BIOS, soma jina la prosesa: tarakimu ya kwanza baada ya i5- lazima iwe 8. Ukiwa humo humo soma namba ya mashine (serial number) uilinganishe na iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chini. Na BIOS ikikudai nenosiri kabla ya kufunguka, rudisha mashine kaunta. Nenosiri la BIOS kwenye EliteBook si la kuchezea, na "tutakutolea kesho" si jibu.

Kisha omba Windows iwekwe upya mbele yako na uiunganishe na intaneti ya simu yako wakati wa kuiandaa. Usiruke hatua hiyo ya intaneti. Mashine ambayo kampuni ya zamani haikuitoa kwenye mfumo wake, ikipata mtandao tu, itakuonyesha jina la kampuni hiyo na kudai barua pepe ya mfanyakazi wake. Ukiwekewa Windows dukani bila mtandao hutaona kitu, na nyumbani utatumia vizuri hadi siku utakapoiweka upya.

Kioo kikague kwenye ukurasa mweupe kwa mwanga mkali, utafute madoa na michirizi. Baadhi ya G5 zina kioo cha faragha: ukiwa mbele kinaonekana, ukikaa pembeni ni giza. Kwa meneja wa benki ni sifa. Kwa watoto wawili wanaokaa bega kwa bega mbele ya mashine moja ni adha, na hata kikizimwa hakiwi angavu kama cha kawaida. Kibodi bonyeza kila herufi, maana mashine za Ujerumani huja Z na Y zimebadilishana, na stika walizobandika juu zinachubuka. Fanya tena ile ripoti ya betri. Ikiwa ujazo wa sasa umeshuka chini ya nusu ya ule wa kiwandani, ama wakubadilishie betri, ama bei ishuke kwa kiasi cha betri. Hilo ni ombi la haki kabisa na duka la maana litalikubali.

Garantii ya mwezi mmoja ni fupi, lakini hata hiyo haina maana kama haikuandikwa. Dai risiti ya EFD, na namba ya mashine iandikwe juu yake au kwenye karatasi ya garantii yenye mhuri. Mwezi huo itumie kikatili: video saa nzima, Excel kubwa, safari ya darasani, kila tundu la USB.

Basi hesabu yako inakuwa hivi. Fundi afungue, asafishe, apake pesti, akuonyeshe bodi kwa macho kama kuna dalili ya maji au kuungua. Ikae siku kadhaa. Ikiacha kujizima, weka SSD ya NVMe na RAM, tumia na kibodi ya nje, umalize nayo muhula huu na hata ujao huku unadunduliza. Ukishanunua G5, hiyo G3 iwekee Linux Mint, mfumo unaokaa mahali pa Windows, uwaachie watoto. Ni ya bure, ni nyepesi, na kwa kusoma na kuangalia video haina kasoro. Kwako wewe nisingeishauri, kwa sababu faili za matokeo za Excel zenye makro (amri zinazojiendesha zenyewe) mara nyingi hazifanyi kazi sawasawa nje ya Excel yenyewe, na wiki ya kufunga shule si wiki ya kujaribu mambo.

Lakini ikiendelea kujizima hata baada ya kusafishwa, RAM imepita vipimo na chaja ni nzima, simama hapo hapo. Usimpe mtu yeyote pesa ya kujaribu bodi ya G3. Uza mashine kwa fundi kama vipuri, kioo na kava bado vina soko, na nenda Kariakoo na 680,000 zako. Diski uitoe kwanza ubaki nayo, usimwachie fundi hata akisema ataifuta. Majina na alama za wanafunzi wako bado zimo.